Mama mkwe alivyokwama chumbani hotelini Unguja, nikalazimika kurudisha chumba changu

Wakuu, salamu kutoka Makambako. Leo baridi imekaza, naandika nikiwa nimejifunika blanketi.

Kwanza mnisamehe kwa makosa ya uandishi. Nimeishia darasa la saba, na kwenye simu naandika herufi moja moja. Mkikuta nimekosea, someni kwa huruma. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe na shahidi ninaye, nitamtaja huko mbele.

Mimi ni kijana wa mitumba, nauza masweta sokoni. Kuongea ni shida yangu. Nanyoosha sweta, nataja bei, nanyamaza. Mteja akiuliza swali la pili natokwa jasho.

Nina mchumba anaitwa Upendo, anafanya kazi Ilembula. Mama yake anaishi Njombe mjini. Miaka yote ya uchumba wetu nilikuwa sijamwambia mama huyo neno lolote zaidi ya "kamwene mama". Nasalimia, naangalia viatu vyangu, naondoka.

Tena familia yao inashika mila ya wakwe kwelikweli. Mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe wala haoni kitanda chake. Na mama mkwe naye hapiti penye kitanda cha mkwe wake. Ukikosea, wazee wanaitwa, na kama bado hujaoa, ndiyo basi tena.

Sasa Upendo ana kaka yake, Baraka, ni mpishi kwenye hoteli ndogo ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya zamani sana ya tajiri fulani wa karafuu, wameitengeneza ikawa hoteli bila kuigusa sura yake. Wageni wakipungua, mwenye hoteli huwaruhusu wafanyakazi walete wazazi wao wapumzike bure. Baraka akamwita mama yake.

Upendo akakosa ruhusa kazini. Mama akasema, "Huyu kijana wa masweta atanisindikiza. Nataka nimwone akiwa safarini."

Hapo wakuu nilijua ni mtihani. Nikifaulu naoa. Nikifeli narudi kwenye masweta yangu peke yangu.

Tulipofika hotelini, mama akawakabidhi watu wa mapokezi kiroba cha viazi mviringo. Dada wa mapokezi akauliza, "Hii ni mizigo yenu?"

Mama akamjibu, "Ni yenu. Tunaendaje kulala kwa watu mikono mitupu?"

Kiroba kikakaa pale mezani karibu na maua. Wazungu wawili wakakipiga picha.

Asubuhi yake mama akaamka kabla ya wafanyakazi, akafagia ua wote. Kwake ile ilikuwa nyumba ya watu, na mgeni mwenye adabu hasubiri kufagiliwa. Msimamizi wa vyumba, mama mtu mzima anaitwa Bi Zuhura (huyu ndiye shahidi wangu), akamkuta na fagio.

"Dada'angu, mie utanifukuzisha kazi!"

"Kamata na wewe upande ule tumalize."

Wakamaliza wote wawili. Kuanzia hapo wakawa marafiki.

Vyumba vyetu vilikuwa vimepakana, na katikati kuna mlango mdogo unaoviunganisha, umefungwa kwa ufunguo upande wangu. Nilipouona tu nikausogezea kiti. Kitanda chenyewe kirefu, unapanda kwa ngazi, halafu chandarua chake kama shela la bibi harusi. Sisi wa Makambako chandarua hatukizoei, nililala kama samaki wavuni.

Siku ya pili mchana ndipo mambo yalipoharibika.

Mama aliingia chumbani kupumzika kabla ya chakula. Milango ya mle ni ile mikubwa ya mbao iliyochongwa maua, na kwa ndani ina komeo, gogo zima linaingia ukutani. Wageni wengine hawaligusi, wanafunga kwa ufunguo tu. Mama akaona nyumba ina wapita njia wengi, akalisukuma lile gogo kwa nguvu zake zote za kulimia viazi.

Likaingia. Kutoka likagoma.

Nikasikia anagonga ukuta. "Wewe kijana! Upo?"

"Nipo mama."

"Nimekwama."

Nilikimbia ngazi zote hadi chini. Baraka alikuwa ametumwa uwanja wa ndege. Nikampata Bi Zuhura. Akapita chumbani kwangu, akafungua ule mlango wa kati, akaingia kwa mama. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha, nimefumba macho. Nikasikia wanavuta komeo, wanahesabu, wanavuta, wanacheka, wanavuta. Wapi.

Nikauliza, uso bado dirishani, "Tulete nyundo?"

Bi Zuhura akaja juu. "Nyundo? Mlango huu una umri kumshinda babu wa babu yako! Haupigwi nyundo, haukatwi msumeno, mpaka mwenyewe atoe ruhusa. Na mwenyewe yuko safarini, simu hapokei." Kisha akatulia. "Lakini kwani tabu iko wapi? Mlango wa kati huu hapa wazi. Mama, pita hapa utoke."

Nikasikia hatua zake zinakuja, zikakomea kizingitini.

"Siwezi," mama akasema.

"Huwezi nini? Hatua chache tu!"

"Hapo pana kitanda cha mkwe wangu."

"Basi kijana aje akutazamie hilo komeo, ana nguvu."

"Siwezi," nikasema mimi.

Bi Zuhura akatuangalia, yaani aliniangalia mimi mgongoni, akasema, "Wallahi nimefanya kazi na wageni wa dunia nzima. Nyie wa bara mmenishinda." Akaenda kujaribu simu tena.

Nikaurudishia mlango wa kati na kukaa sakafuni. Mama naye nikasikia kavuta kiti upande wake.

Wakuu, nilijua hapo nimekwisha. Nikiingia, nimevunja mila. Nikimwacha, mama wa watu yuko na njaa na mimi ndiye niliyepewa kumtunza.

"Kijana."

"Naam mama."

"Mbona husemi kitu?"

"Nasikiliza mama."

"Tangu Makambako unasikiliza. Kwani mimi redio?"

Sijui nilipata wapi nguvu. Nadhani ni kwa sababu sikuwa nauona uso wake. Nilikuwa naongea na ubao. Nikasema, "Mama, nataka kumuoa Upendo. Duka langu ni dogo lakini ni langu. Kuongea sijui, ila nyumbani kwangu hatalala njaa na hatapigwa. Nimeogopa kukuambia kwa sababu ukinitazama maneno yananikimbia."

Upande wa pili nikasikia kiti kinavutwa nyuma. Nikajua nimeharibu, nimechumbia bila wazee, kupitia tundu la ufunguo.

Ndipo Bi Zuhura akarudi anahema. "Simu bado. Lakini nimepata dawa. Kijana, kusanya vitu vyako, nipe ufunguo. Nakutoa chumba."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ukishaondoka, chumba si chako tena, ni cha hoteli. Na kitanda ni cha hoteli."

Nikafungasha. Nikashuka mapokezi, nikatia saini kwamba nimeondoka, nikasimama uani na begi langu kama mtu aliyefukuzwa. Kutoka juu nikawa nasikia ukaguzi:

"Mashuka?" mama anauliza.

"Nimebadilisha yote."

"Na mto?"

"Mpya."

"Hiyo sweta hapo kwenye msumari ni ya nani?"

"Subiri." Sweta ikarushwa dirishani, ikaniangukia kichwani. Ndiyo, nilikwenda Unguja na sweta.

Mama akapita. Akashuka ngazi taratibu, amejifunga khanga vizuri, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Nikaangalia viatu vyangu.

"Yale uliyoyasemea mlangoni," akasema, "sikuyasikia."

Nikalikamata begi, nijiandae kurudi Makambako.

"Kwa hiyo njoo na wazee wako Njombe, uyarudie sebuleni. Vilevile kama ulivyosema, usipunguze neno."

Kisha akamwambia Bi Zuhura waende kula. Mimi usiku huo nikalazwa stoo ya chini, jirani na jenereta, na nikalala usingizi mtamu kuliko wa kitanda cha ngazi.

Nilichojifunza ni kwamba heshima si lazima ikuzibe mdomo. Tafuteni mahali mnapoweza kuongea, hata kama ni pande mbili za mlango.

Sasa wakuu, wazee wangu wako tayari, tunapanda Njombe karibuni, na safari hii hakutakuwa na mlango katikati. Atakuwa ananitazama. Mliooa na mnaoona haya kama mimi, niandikieni hapa chini: mlisemaje? Mlitazama wapi? Nitasoma majibu yote, polepole.