Siku Tuliyorudi kwenye Foni

Saa nne kamili asubuhi nilizima kompyuta za ushirika wetu wa Kimanga, ili tujizoeze kuuza mpunga siku mashine zote zitakapogoma. Nikawasha foni, redio ya ujana wangu. Kutoka Luberizi akajibu Mama Feza, mwenzangu wa zamani. Enzi zile tulificha bei kwa majina ya samaki, kwa kuwa foni husikika chumba kizima. Kwa sauti yake nikajiona tena kijana.

"Mnunuzi iko hapa, anatoa elfu mia moja kwa gunia," akasema.

"Akikaza, shuka mpaka tisini."

Sauti ya kiume ikaingia: "Aksanti, papa. Nimekaza."

Mama Feza akauliza polepole, "Samaki zetu ziliendaga wapi?"

Kwa magunia ishirini, tulipoteza faranga elfu mia mbili.