Mama Aliyekuwa Mtihani wa Madaktari

Jumanne asubuhi nilikuwa Kakoba, hapa mjini Mbarara, nimeshika kikombe cha chai, simu ikaita kutoka Base Camp, kule kambini Nakivale. Aliyepiga ni daktari wa zahanati, mwanamke ninayemfahamu tangu akiwa mwanafunzi, naye hakuzunguka: "Yule mama yetu ametuacha leo." Mama mwenyewe hamkumjua, wasomaji wangu. Alikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, muuza unga wa muhogo, na mwanakwaya asiyekubali kusimamishwa mstari wa nyuma. Shule aliiacha darasa la nne. Hata hivyo wako madaktari wengi waliopata shahada zao kwa kupitia kifuani kwake, na hapo sitanii hata kidogo.

Nieleze. Moyo wake ulikuwa na mlango mmoja usiofunga vizuri, kwa hiyo kila ulipopiga, damu kidogo ilirudi nyuma ikitoa mvumo. Mwenyewe aliuita sauti ya kupepeta maharage. Walimu wa chuo kimoja cha udaktari mjini Mbarara walipousikia walifurahi kupita kiasi, maana moyo wa namna hiyo ni mtihani tosha. Wakawa wanamwomba kila mwaka aje siku moja alale kitandani, nyuma ya pazia. Kengele ikilia, mwanafunzi anaingia, anampima kwa dakika chache, kisha anamweleza mwalimu amesikia nini na ugonjwa ni upi. Mama alikuwa ameonywa asimtajie mtu jibu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kambini, nikachukuliwa kuwa mkalimani, kwa sababu Kiswahili chake cha Kivu kiliwashinda wanafunzi wa Uganda, na chao kilimchekesha yeye.

Nikiri mapema kwamba nilikuwa mkalimani mwoga. Mwanafunzi alipoingia na kumfunua shuka bila neno, mama aliniambia, "Mwambie huyu munganga, hapa haiko soko ya ngombe. Batu banasalimiaka kwanza." Nami, nikimtupia jicho mwalimu aliyekunja uso, nikatafsiri: "Mama anasema yuko tayari." Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwaka mmoja waliingia wawili wakifuatana, na hao ndio kisa changu. Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka kola inasimama. Hakusalimu. Alishusha shuka hadi kiunoni pazia likiwa wazi, akabandika chuma baridi cha stetoskopu, akafumba macho. Hata dakika haikupita akatoa jibu, sahihi kabisa, akataja na mlango wenyewe ni upi. Mwalimu nusura apige makofi. Mama alijifunika shuka mwenyewe, akageukia ukutani.

Baada yake akaingia binti kutoka pande za Masha, mtoto wa wafugaji. Kwanza alifunga pazia. "Mama, habari ya leo? Mimi ni mwanafunzi. Naweza gusa wewe hapa?" Alikisugua kile chuma kwenye kiganja mpaka kikapata joto, ndipo akakiweka. Akasikiliza. Akahamisha, akasikiliza tena. Jasho likaanza kumtoka, nikajua hasikii kitu. Hapo nikaona mkono wa mama ukipanda taratibu juu ya shuka. Kidole kimoja kikatua chini ya ziwa la kushoto, kikawa kinagonga pole pole kufuata mapigo ya moyo. Binti akakitazama kidole, akahamishia stetoskopu pale pale, na dakika ya mwisho akatoa jibu. Mwalimu alikuwa ameinama anaandika. Mimi niliona yote, nikanyamaza.

Tuliporudi kambini nilimuuliza kwa nini amevunja sharti. Hakuona haya hata kidogo. "Ule kijana alisikia moyo, lakini hakuone mutu. Ule binti aliniona miye. Sasa nani atasaidia batu?" Nikamwambia, haya mama, na siku binti atakapokutana na mgonjwa asiye na kidole cha kumwonyesha? "Hii ulizo iko nguvu," akasema, akaingia ndani kupima unga wake.

Swali hilo halikuniacha. Nilipohamia Mbarara nikawa na tabia ya kuwachokoza wanafunzi wa udaktari niliowakuta wakila kwenye vibanda vya Kakoba. Niliwauliza: kwenu ninyi, weledi wa kazi ni kitu gani? Wengine walinitajia koti safi na kufika kwa wakati. Wengine walisema ni kutunza siri za mgonjwa, lakini wakaendelea kusimuliana habari za wodini juu ya sahani ya matoke, na meza zote zinasikia. Mmoja alinijibu kwa unyoofu nilioupenda: "Mwalimu, hiyo walitufundisha wiki ya kwanza. Baada ya hapo hakuna mtu anauliza tena. Mimi sasa natafuta maksi, heshima itakuja nikipata kazi." Sikumkasirikia. Vijana hawa wanaiga wanachokiona, na wanachokiona ni wakubwa zao wakizungumza juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Kisha nikajikumbuka mimi na ukalimani wangu. Mle chumbani nami nilikuwa namridhisha mkubwa, na mgonjwa aliyenitegemea nikamgeuzia maneno. Niliona aibu, na bado naiona.

Miaka ikapita. Siku moja nikapata habari kwamba daktari mpya wa zahanati ya Base Camp ni yule binti wa Masha. Haukupita muda mrefu, mama akaletwa pale miguu imevimba, anahema kwa kila neno. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumsalimu. Daktari alimwamkia, akapasha stetoskopu joto kiganjani, akasikiliza kwa muda mrefu sana. Kisha akaketi pembeni ya kitanda. "Mama, mimi siku ile ya mtihani sikusikia. Ni wewe ulinionyesha. Tangu siku ile nimejifunza sana, na leo nasikia, lakini hii imebadilika na sina hakika imebadilika namna gani. Sitaki kukudanganya. Natafuta mwenye kujua zaidi." Mwenye kujua zaidi, nadhani mmeshamkisia, alikuwa yule kijana mrefu, sasa bingwa wa moyo Mbarara. Mama alipotajiwa alikataa kabisa. "Ule? Hapana. Bora nikufe." Daktari alimshika mkono na kumwambia watakwenda pamoja.

Wakaenda, nami nikafuata. Bingwa aliingia na haraka yake ile ile, mkono tayari uko kwenye shuka. Daktari wa kambini, mdogo kwake kwa cheo, akasema mbele yetu sote: "Daktari, tafadhali, tusalimie mama kwanza." Nikasubiri mlipuko. Yule bwana akarudisha mkono, akanitazama mimi, akamtazama mama, akasema, "Shikamoo, mama." Alisikia kila kilichokuwa cha kusikika, akabadilisha dawa zote, na mama akatuongezea miaka ambayo hakuna aliyeitarajia. Njiani kurudi mama alisema, "Kumbe naye ni mutu." Kwake, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tangu hapo, wanafunzi waliopelekwa zahanati ya Base Camp kujifunza walipitishwa kwa mama. Aliwapima kabla hawajampima: nani ameomba ruhusa, nani amefunga mlango. Lakini wakianza kusikiliza, aliukalia mkono wake wa kulia. Nilimuuliza sababu, akanicheka. "Haka kadole kananisumbua. Kanaonea batoto huruma."

Basi Jumanne ile kwenye simu, katika majonzi yangu, nilimuuliza daktari swali la kipumbavu: una hakika kweli ameondoka? Hakunikemea. "Nilisikiliza mara tatu, mwalimu, halafu nikaita mwenzangu naye akasikiliza, kwa sababu sikutaka kujiamini peke yangu. Lakini kwanza nilimsalimia." Vijana wa udaktari mnaonisoma, kuna walimu wa kuwafundisha mvumo wa moyo, na jitahidini muusikie barabara, maana uungwana peke yake haujui dawa ipi ibadilishwe. Lakini hilo la kumsalimia kwanza, na hilo la kusema sina hakika, hakuna kengele itakayowalilia. Mtalifanya hata pale asipokuwepo mwalimu wa kuandika maksi, wala mgonjwa wa kuitikia.