Aliyeanguka Mashimoni

Juzi, kwenye foleni ya maji pale Mashimoni, jamaa wa rika langu aliteleza na mtungi wake akakaa chini kwenye matope. Maji yote yakamwagika. Hakuna aliyecheka. Hata yeye aliyatazama tu yakienda.

Mama mmoja nyuma yangu, aliyekulia hapo pamoja nasi, akamwambia, "Umeanguka. Sheria si unaijua?"

"Ai, hiyo ilikuwa ya utoto."

"Beba!"

Utotoni mwetu mteremko wa kushukia hapo penye maji ulikuwa nyasi na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha tulisimama juu ya vipande vya mbao, tukateleza hadi mtoni, na aliyeanguka alibeba mbao za wenzake mpaka juu. Leo umejaa nyumba, kimebaki kijia cha kupitia mtu mmoja.

Jamaa aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akajaza mtungi wake upya, kisha akachukua na wa yule mama.

"Leta na wako," akaniambia.

Nikakataa, nikajitwisha wangu mwenyewe. Tukaanza kupanda, sote watatu.

Zamani tuliupanda mteremko huo ili tuteremke tena. Siku hizi tunaupanda tu.