Chenja ya Mkuu wa Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya ushirika pale Mbinga nimevaa shati jeupe. Mama ndiye aliyelipiga pasi. Aliamini kwamba kijana aliyetoka chuo cha ufundi hawezi kwenda kazini kama anayekwenda kupalilia kahawa. Mkuu wa Karakana, mtu mrefu mwenyeji wa ziwani, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe umekuja kutengeneza magari au kuyabariki?"

Karakana nzima ilicheka. Kabla ya chai ya saa nne shati lile lilikuwa jeusi tii, na mimi nilikuwa chini ya lori la kahawa nimeshika testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ya kuonyesha kama waya una umeme. Ndivyo nilivyoingia kwenye umeme wa magari, na sikutoka humo mpaka macho yaliponigomea.

Vijana wa leo wanachomeka kompyuta, gari linajieleza lenyewe linaumwa wapi. Sisi tulifuata waya kwa vidole. Vitabu vilisema mwekundu ni wa swichi, mweusi ni wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Lakini malori yetu yalikuwa yameungwaungwa miaka mingi. Waya ungeanza mwekundu kwenye dashibodi, ukageuka kijani katikati, ukafika kwenye taa ukiwa kipande cha waya wa nyumba. Ukiamini rangi, umeunguza fyuzi zote.

Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Gari halikutoka kwa kauli ya fundi. Fundi alimaliza kazi, akasimama pembeni, na Mkuu akalizunguka gari akivuta kila waya na kutikisa kila skrubu. Barabara zetu za kwenda Mkumbi na zile za kushuka ziwani zilikuwa hazina huruma na kitu kilichofungwa, kwa hiyo kwake skrubu iliyokosekana mahali pake ilikuwa dhambi kabisa. Akiridhika alisema, "Limepona." Asiporidhika alisema, "Rudia," akaondoka bila kukuonyesha kosa liko wapi. Asante hakuijua. Nilimwogopa, na kadiri miaka ilivyokwenda nikampenda, ila mambo hayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya malori.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milimani na magari yao na mafundi wao, na malori ya ushirika yakabaki yameegeshwa nyasi zikiota kati ya matairi. Karakana ilifungwa chumba kimoja kimoja, kwanza stoo ya vipuri, halafu ya kuchomelea. Mkuu alistaafu akarudi kwao ziwani na pikapu yake kuukuu ya Peugeot. Siku ya kuaga alitupa mkono mmoja mmoja, akafika kwangu akasema, "Kinunda, usiache testa yako mvuani." Hiyo ndiyo hotuba niliyopata.

Nilihamia karakana ya misheni, upande wa Mapera, chini ya Bruda Msimamizi. Huyo alikuwa mpole mno. Ukimwambia redio ya gari imekufa, alikujibu, "Hakuna kinachokufa, bwana Kinunda, mpaka tumekifungua." Kwake nilijifunza redio na kulehemu waya mwembamba bila kuuunguza. Bruda alipohamishwa nikafungua banda langu mwenyewe Mbinga mjini. Wakati huo magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yanamiminika, na redio zake hazikufika kwenye vituo vyetu, kwa sababu FM ya kwao inaishia pale yetu inapoanzia. Kaseti zilikuwa zinaondoka, CD zinaingia, na kila mwenye gari alitaka muziki. Kazi haikukosekana.

Nyumbani ndiko kulikokosekana mtu. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wameoa na kuolewa mbali. Nilikuwa nashinda nafunga muziki kwenye magari ya watu, jioni narudi kwenye nyumba ambayo hata mlango ukilia nashukuru. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu upweke ni sehemu ya maisha ya kazi, na vitabu vya ufundi havikutufundisha.

Kiangazi cha mwaka mmoja, dereva wa gari la samaki alisimama bandani kwangu. "Shikamoo, mzee. Kuna mzee mmoja kule karibu na Mbamba Bay anakuita. Anasema Mkuu wa Karakana anakuhitaji, uje na vyombo vyako."

Nilifunga banda siku hiyohiyo.

Nilimkuta amekaa ndani ya pikapu yake kando ya nyumba, uso umeelekea ziwani. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa habari zote kwa pumzi moja kama mtu anayesoma kazi za siku. Mkewe alifariki. Nyumba imekuwa kubwa mno. Amezoea kukaa kwenye gari kusikiliza kaseti, lakini mikono haimruhusu tena kuichomeka. Binti yake, Agnes, ametuma chenja kutoka Dar es Salaam.

Chenja ni sanduku linalobeba CD sita na kuzibadilisha lenyewe. Ile ilikuja na vibonyezo vyake kwenye waya mrefu, vinene vya kutosha hata kwa mkono unaotetemeka. Tatizo ni kwamba chenja na redio lazima zielewane, na plagi ya chenja haikuwa na pa kuingia kwenye redio ile ya kaseti.

"Nunua redio mpya, Mkuu," nilisema.

"Redio hii alinichagulia marehemu. Haitoki."

Dawa yake ilikuwa modyuleta. Hicho ni kisanduku kidogo kinachochukua muziki wa chenja na kuugeuza kuwa wimbi, kisha kinaupitisha kwenye waya wa antena, redio ikadhani imekamata kituo. Unatakiwa kuchagua mahali pasipo na kituo cha kweli. Nilizungusha FM mwanzo hadi mwisho pale ufukweni nikasikia mvumo mtupu tu. Hatukuwa na haja ya kuchagua.

Nilifunga chenja nyuma ya kiti. Ndani ya sanduku hilo mtambo unaning'inia kwenye springi ili CD zisirukeruke barabarani, na kiwandani huukaza kwa skrubu nyekundu usiumie safarini. Kabla ya kuiwasha lazima uzitoe. Nilizitoa nikaziweka kwenye kisahani. Nikaunganisha waya wa betri, wa swichi, wa ethi, na jioni ile kwaya ikaimba ndani ya Peugeot. Mkuu alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilisubiri neno. Alisema, "Nitakagua kesho."

Asubuhi chenja ilikuwa inakwaruza, haisomi CD hata moja. Niliifungua. Skrubu nyekundu zilikuwa zimerudi mahali pake, zimekazwa hasa.

"Nani amezirudisha, Mkuu?"

"Mimi. Umesahau skrubu, Kinunda! Kwa barabara hii? Nimekufundisha hivyo?"

Nilimwangalia mikono. Sijui alitumia muda gani kuyalenga yale matundu, yeye ambaye chai ilimmwagikia kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nilimweleza habari ya springi. Alikohoa, akasema kiwanda kilichotengeneza kitu cha kulegezwa ili kifanye kazi kina matatizo ya akili. Nilizitoa tena. Kwa kuwa jua lilikuwa limesogea na gari la kupanda mlimani limeshapita, nililala hapo siku nyingine. Tulikula ugali wa muhogo kwa usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alinisimulia kuhusu lori lililowahi kukatika breki njiani kuelekea Kitura, nami niliijua hadithi hiyo lakini niliisikiliza yote.

Kesho yake chenja haikuwaka kabisa. Fyuzi ilikuwa imechomoka nusu.

"Inawezekana ni mtikisiko," Mkuu alisema. Gari halikuwa limetembea.

Niliirudisha fyuzi taratibu. Nikasafisha na vichwa vya betri, ambavyo havikuwa na uchafu. Gari la kupanda likapita tena.

Siku iliyofuata waya wa spika ulikuwa umetoka. Fundi yeyote anajua waya uliokatika kwa kutikisika unavyoonekana, nyuzi zake huchakaa moja moja. Huu ulikuwa umevutwa kwa mkono, tena mkono uliohangaika. Nililala kifudifudi chini ya dashibodi nimeushika, na nikaelewa kila kitu. Moyo wangu ulijaa, nisiwafiche. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko waya ule ulivyohitaji, nisije nikaonekana uso.

"Umeona tatizo?" aliuliza kutoka nje.

"Nimeliona, Mkuu. Ni kazi kubwa hii."

"Nilijua. Kazi ya chenja haina haraka."

Tukaishi hivyo. Asubuhi kosa linapatikana, mchana nalitengeneza, jioni tunakaa ndani ya pikapu milango wazi tukisikiliza. Sikumwambia kwamba najua. Naye hakuniambia kwamba Mbinga hakuna anayeningoja, ingawa alikuwa ameshaniuliza habari za nyumbani na kusikia nilivyojibu kwa mkato. Wanaume wa karakana ndivyo tulivyo. Tungeweza kufa njaa mezani kila mmoja akingoja mwenzake aseme chakula kipo.

Kisha ikafika asubuhi ambayo chenja iliwaka mara moja. Nilibonyeza, CD ya kwanza ikaimba, ya pili ikaimba, zote zikaimba. Niliangalia fyuzi, nikavuta waya wa spika. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Mkuu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akauzungusha mwili wake mzee kuizunguka pikapu, kisha akasema lile neno.

"Imepona."

Sijawahi kusikia neno hilo likaniuma namna ile.

"Umeikagua vizuri, Mkuu?"

"Nimeikagua." Alitazama ziwani. "Agnes anakuja Jumamosi kunichukua. Anasema siwezi kuendelea kukaa peke yangu, na kweli siwezi. Pikapu itabaki kwa jirani. Nenda ukafungue banda lako, nimekuchelewesha vya kutosha."

Nilianza kukusanya vyombo. Bisibisi, plaizi, testa. Yeye hakuondoka, na mimi nilikuwa nakunja waya wa majaribio polepole sana, kama mtu anayekunja bendera. Mtu huyu alinifundisha kwamba gari likishapona fundi haligusi tena. Maisha yangu yote sikuwahi kuigusa kazi iliyopitishwa, na sikuwahi kuharibu kitu cha mteja. Niliingiza mkono nyuma ya kiti, mbele ya macho yake, nikashika nati ya waya wa ethi nikailegeza mpaka waya ukaanguka. Muziki ukakatika.

"Mkuu," nilisema, "naona ethi haikukaa sawa."

Alisogea, akainama kwa shida, akautazama waya ule chini. Alikuwa anaujua uongo wa fundi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na hakuyafuta.

"Kazi mbaya hii, Kinunda," alisema. "Hii haiishi kabla ya Jumamosi."

"Nami naona hivyo, Mkuu."

"Basi rudisha vyombo ndani. Nitaweka chai."

Agnes alifika Jumamosi mchana na gari la kukodi. Aliniamkia, "Shikamoo, baba mdogo," akashangaa kunikuta bado nipo. "Kwani chenja ilikuwa na tatizo gani muda wote huu?"

Kabla sijafungua mdomo Mkuu alisema, "Fundi mzito huyu. Nilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza." Alicheka, na hata jino lililovunjika pembeni lilionekana. Nilikuwa sijawahi kuliona. Alinipa mkono, mkono ukatetemeka ndani ya wangu, kisha akaingia kwenye gari la kukodi. Nilisikia habari za kifo chake wakati wa mvua, baada ya maziko.

Sasa banda nimelifunga. Vijana hunipitia kuuliza mambo ya waya za zamani, nami nawaeleza nikiwa nimekaa kibarazani, kwa sababu macho hayaoni tena tundu la skrubu. Wanapenda kuniuliza kazi ipi ninajivunia. Wanatarajia niwaambie malori ya ushirika, au mitambo ya Bruda. Nawaambia ni nati moja ya ethi niliyoilegeza kwa mkono wangu mwenyewe kwenye gari lililokuwa zima. Wananitazama, wanadhani uzee umeingia kichwani. Huwa siwaelezi zaidi ya hapo, lakini ninyi nimewaeleza. Siku zile chache hazikuumaliza upweke wake wala wangu. Yeye aliondoka nao na mimi nilipanda mlima na wangu. Hata hivyo, nati ile ningeilegeza tena.