Kilo na Robo ya Maharage

Wazo la kwenda Ngara kwa miguu kutoka Biharamulo halikuwa langu. Mimi hata sokoni napenda kupakiwa kwenye bodaboda. Lilikuwa la rafiki yangu muuguzi, aliyetaka tuchangishe fedha za utafiti wa kwa nini watoto wengine huzaliwa kabla ya wakati. Tulikuwa wanawake watano, na kila mmoja aliwahi kuzaa njiti. Sharti lilikuwa moja: kila mtu abebe kifuani, ndani ya kitenge, maharage yenye uzito wa mtoto wake siku aliyozaliwa. Wangu alikuwa kilo na robo. Mwenye duka aliuliza nitamshibisha nani kwa maharage kidogo hivyo. Nikamwambia apime tu.

Milima ya Ngara ilikuja kututoa jasho baadaye, na kucha mbili za miguu niliziacha huko. Lakini ninachokikumbuka kwa hamu ni siku ya kwanza. Pale Nemba tuliwakuta akina mama uani wanapukuchua mahindi. Waliponiona nimejifunga kitenge kifuani, wakaacha kazi.

"We mama! Jua lote hili unatembea na kichanga? Una akili kweli?"

Mmoja akaja mbio na mwavuli. Mwingine, kabla sijajieleza, alishanisukumia noti kiganjani, hela ya sabuni ya mtoto, maana kwetu ukimwona mtoto mchanga mara ya kwanza huondoki hivihivi. Nikafungua kitenge. Walipoona maharage walicheka mpaka wakakaa chini, na sisi tukacheka nao. Tulipowaeleza tunachotafuta, nikataka kurudisha noti.

"Kaa nayo," alisema yule wa mwavuli. "Mnataka kujua kwa nini wanakuja mapema? Mimi nimezika wawili. Tafuteni."

Nilicheka siku ile, lakini rohoni niliyaonea wivu maharage yangu mwenyewe. Wangu hakuletewa sabuni na mtu yeyote. Njiti hapongezwi; watu husubiri kwanza waone kama atakaa. Tulikuwa naye wodini siku kumi na moja, mimi na mama mkwe wangu, tukipokezana kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyotufundisha. Ni ajabu kusema, lakini siku zile nazitamani mpaka leo. Mvua ilikuwa ikipiga bati, mama mkwe akimwimbia kwa Kisubi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na kichwa kile kidogo kikinukia maziwa.

Alipofariki, mama mkwe alimzika migombani pamoja na wanawake wachache. Matanga hayakuwekwa. "Usimlilie sana," aliniambia, "wa pili ataogopa kuja." Wa pili alikuja, akaja na wa tatu, na habari za yule hazikutajwa tena nyumbani. Nilimwonea hasira bibi yule kwa miaka. Nilimpikia, nikamwogesha alipougua, huku nimeshaamua kwamba amemsahau mtoto, na kwamba nimebaki peke yangu duniani ninayemkumbuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilijiambia, na mzazi ni mimi.

Jioni ya siku ile ya kwanza tulifika Runazi, nyumbani kwa mama mkwe, tukalala hapo. Sikumweleza kitu. Kusema kweli niliogopa kumwona akitikisa kichwa tu na kuendelea na kazi zake. Asubuhi nilimkuta barazani na ungo wake, anachagua maharage ya mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kifuani umebeba nini?"

Nikamwambia, kwa sauti kavu kuliko nilivyokusudia. Akaweka ungo chini, akanyoosha mikono. Nikampa. Alikiinua kile kifurushi, akakishusha, akakiinua tena, halafu akakilaza kifuani pake. Alikaa nacho hivyo mpaka wenzangu wakaanza kuniita kutoka barabarani.

"Hujampima vizuri," akasema kwa Kisubi.

"Ni kilo na robo, mama. Kadi yake ninayo."

"Hiyo ni ya kuzaliwa. Siku ya mwisho alikuwa ameongezeka."

Akafungua fundo, akachota konzi moja ya maharage kutoka kwenye ungo, akayatia humo. Akakipima tena mkononi, macho ameyafumba. Kisha akatoa punje tatu, akazirudisha kwenye ungo, akafunga.