Mlevi wa Mazoezi

Msinicheke kabla sijamaliza. Wiki iliyopita sisi wahudumu wa zahanati ya Mwanga, pamoja na wenzetu wa kambi ya wakimbizi, tulifundishwa kuwahudumia watu walionaswa na pombe. Mwalimu wetu, Mama Riziki, mwenyewe alivuka ziwa akivikimbia vita vya Kongo, na sijaona mtu anayemsikiliza mlevi kwa heshima kama yeye.

Nilitaka anisifu. Siku ya igizo nikajitolea kwa wenzangu, mwalimu asijue, kuwa mlevi. Nikavaa shati lililochanika, nikajimwagia gongo kifuani, nikaanza kujizoeza kuyumba njiani tangu mtaa wa Buzebazeba.

Sokoni nikamwona mama mkwe. Mkwe hasogelewi ovyo, sembuse ukiwa unanuka gongo. Nikajificha nyuma ya magunia ya dagaa. Kumbe alikuwa ameshaniona.

Nilipoingia darasani nikipepesuka, wenzangu wakapiga makofi. Mama Riziki hakupiga. Alikuwa amemshika mkono mama mkwe wangu, aliyenitangulia kutoka sokoni, akifuta machozi.

"Ndiye huyu mkwe wangu, mwalimu," akasema. "Msimfukuze kazi. Mtibuni tu."

Mama Riziki akanivutia kiti, akaniuliza kwa upole uleule ninaousifu kila siku, "Ulianza lini, baba?"