Kikohozi cha Baba Mkwe Jukwaani

Mimi si mtu wa kuamini wageni, na yule mwalimu mzungu sikumwamini tangu Jumamosi ya kwanza alipokuja kwetu Lufingo. Alikuwa akifundisha fizikia kwenye shule aliyosoma mwanangu wa kwanza. Alisema anataka kujifunza Kinyakyusa, baba mkwe wangu akampa kigoda, wakakaa nje ya nyumba ya mzee. Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine tena. Mtu mzima na shahada zake atoke Tukuyu na tope lote lile, aje kujifunza kusema "ndaga", asante tu ya kwetu?

Kwenda kusikiliza nisingeweza. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Wengi wameuacha mwiko huo, lakini mzee wangu hakuuacha, nami nilipoolewa niliukuta. Miaka yote nimemjua kwa koti lake na kikohozi chake. Akitaka kupita karibu na jiko langu anakohoa, nami naacha ninachofanya nakimbilia nyuma ya migomba. Mume wangu alipokuwa hai sikulijali jambo hilo. Alipofariki, kikohozi kikaanza kuniuma. Nilikisikia kama mtu anayefukuza kuku.

Kwa hiyo siku nilipochungulia nikawaona mzee na mgeni wake wananyooshea vidole jiko langu, kisha migomba, kisha jiko tena, moyo ulinipasuka. Mgeni alikuwa anaandika kwenye daftari.

"Wifi," dada wa marehemu aliniambia, "mzungu haji bure. Hapo panapimwa."

Nikaona mwisho wangu: eneo atapewa mgeni, nami nitarudi kwetu Masukulu na watoto watatu na masufuria yangu. Nikaanza kufunga vyombo kidogokidogo, nikidhani ni siri yangu.

Yakafika mahafali ya kidato cha nne ya mwanangu. Mzee aliagiza kwa wifi kwamba hatakwenda, kwa sababu mimi nitakwenda na turubai ni moja. Nikasema moyoni, hata mjukuu wake hamtaki tena.

Baada ya kwaya, ilitangazwa kwamba mwalimu mgeni ataigiza peke yake. Akapanda jukwaani kapinda mgongo, fimbo mkononi. Nililijua koti kabla ya kumjua aliyelivaa. Kifungo cha tatu ni cha kijani. Nilikishona mwenyewe, koti likaja kwangu na kurudi kwa mkono wa wifi. Watu walianza kucheka kabla hajasema neno. Hasira zikanipanda. Kumbe Jumamosi zote zile alikuja kuiba mwendo wa mzee ili achekeshe watu.

Akatembea hatua nne, akasimama, akakohoa. Kikohozi kilikuwa kilekile cha mzee.

"Nakohoa mbali," akasema kwa matamshi ya wazee wetu, "hapa kwenye mgomba wa kwanza. Zamani nilikohoa palepale mlangoni. Siku moja mkwe wangu akakimbia na sufulia ya moto, akaungua mkono. Tangu hapo nakohoa mbali, halafu nasubili. Miguu inauma, lakini nasubili."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshika kovu langu.

"Mwanangu amekufa. Naogopa na huyu ataondoka. Wajukuu wameniambia anafunga vyombo. Nyumba ni yake, shamba ni lake. Nitamwambiaje? Mimi siwesi kumwambia."

Wazee wa safu ya mbele hawakucheka tena.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa akiwa bado na koti. Sikumshukuru. Nilimwuliza ni nani aliyemtuma kunianika mbele ya watu.

"Mzee mwenyewe, mama," akasema. "Alisema kukuambia wewe ni mwiko. Kuwaambia watu wote si mwiko."

Hata hapo sikuamini. Mtu wa jukwaani hakosi kutia chumvi, na huyu chumvi yake ilitoka mbali. Jioni nikakaa jikoni, maharage yakichemka, nimetega sikio. Kikohozi kikaja, kweli kutoka mbali. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, sikukimbia. Nikasikiliza. Hakuna hatua, hakuna fimbo. Mzee alikuwa amesimama anasubiri, na miguu yake ile mibovu. Miaka yote nilikuwa nikikimbia mbio kiasi kwamba sikuwahi kuusikia ule ukimya.

Nikaipua sufuria taratibu, nikaifunika, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikitembea. Nilipofika nyuma ya migomba, nami nikakohoa.

Ndipo fimbo yake ikaanza kugonga njiani.